Mwanafunzi mwenye kazi naye anahitaji daftari

KIGALI. Saa kumi na moja jioni ofisi nyingi za Kigali hufungwa, na kwa vijana wengi ndipo zamu ya pili ya siku huanza. Mabasi na pikipiki zinazopanda Gisozi, zinazoteremka Gikondo na zinazoelekea Kicukiro hubeba watu waliotoka kazini wakiwa na madaftari mkobani. Wengine wameshinda kwenye duka la jumla katikati ya jiji, wengine kwenye kibanda cha kutuma pesa kwa simu pale Nyabugogo, wengine jikoni mwa hoteli. Wote wanawahi darasa la jioni.

Jambo hili linawagusa wafanyabiashara wa mipakani kwa njia tatu. Kwanza, wao ndio wazazi. Ada ya mtoto aliyeko Kigali mara nyingi imetoka kwenye mboga zilizouzwa Goma, mchele uliopita Rusumo au bidhaa za dukani zilizoletwa kutoka Kampala kupitia Gatuna. Pili, wao ndio waajiri, kwa kuwa vijana wengi wa chuo hupata kazi yao ya kwanza kwenye duka au ghala la mfanyabiashara. Tatu, wapo kati yao ambao wenyewe wamerudi shule wakiwa watu wazima, wakisoma jioni au mwisho wa wiki huku biashara ikiendelea.

Kwa wote swali ni moja: mtu anaweza kushika kazi na chuo kwa pamoja na akamaliza vyote salama? Wanaojibu hapana hukumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Lakini Kigali ina wahitimu wengi waliosoma hivyo hivyo. Wanaofika mwisho ni wale wanaohesabu saa zao kama unavyohesabu magunia kabla ya gari kuondoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za mwanafunzi ni mali.

Darasa la jioni lilivyoanza

Chuo Kikuu Huru cha Kigali, ULK, kilianzishwa mwaka 1996, miaka miwili baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa watu wenye elimu ya juu, na watu wazima wengi hawakuweza kuacha mshahara ili wakae darasani mchana. Mwaka uliofuata kikaanzishwa UNILAK, chuo cha Waadiventista walei. Masomo ya jioni yakawafungulia mlango makarani, walimu, askari na wenye maduka.

Upande wa serikali, shule ya fedha na benki iliyojulikana kwa kifupi kama SFB ilianza mwaka 2002. Chuo Kikuu cha Rwanda kilipoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi saba za umma, SFB iliingia humo, na leo Koleji ya Biashara na Uchumi ina kampasi yake Gikondo. Majirani nao walipita njia kama hiyo. Makerere ilifungua madarasa ya jioni kwa wanaojilipia katika miaka ya 1990, na Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi zao.

Mabadiliko ya karibuni yamewasaidia kidogo wanaosoma jioni. Tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi nchini Rwanda ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Asubuhi imepata nafasi ya kusoma kabla ya kazi. Lakini saa hizo ni za ofisi. Dukani na sokoni kazi huisha mteja wa mwisho anapoondoka, na hapo ndipo tatizo la vijana wengi linapoanzia.

Wiki ina saa 168 tu

Tufanye hesabu. Katika mfumo wa krediti unaotumika Rwanda, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ndani ya saa hizo mna kipindi cha darasani, kusoma peke yake, kazi za vikundi na maandalizi ya mitihani. Mwaka kamili wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Zikigawanywa kwa wiki 30 za masomo, ni saa 40 kwa wiki. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa mwaka kamili tayari ana kazi moja ya kutwa kabla hujamwajiri.

Wiki nzima ina saa 168. Akilala saa saba kila usiku, 49 zimeondoka na zimebaki 119. Ondoa 40 za masomo, zimebaki 79. Safari za kwenda na kurudi, tuseme saa mbili kwa siku kwa siku sita, ni 12, zimebaki 67. Kuoga, kupika, kula, kufua na kusali, saa mbili na nusu kwa siku, ni 17 na nusu. Zimebaki saa 49 na nusu.

Sasa mpe kazi ya ofisini ya saa 40. Atabaki na saa tisa na nusu kwa wiki nzima. Ndani ya hizo aweke umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, arusi ya ndugu, malaria, na foleni ya basi siku ya mvua. Inawezekana, lakini imebana kama mzigo uliofungwa bila kamba ya akiba.

Mpe badala yake kazi ya dukani ya saa 10 kwa siku, siku sita. Hizo ni saa 60, na hesabu inakataa: anadaiwa saa 10 na nusu kila wiki. Deni hilo atalilipa kwa kitu gani? Kwa usingizi, au kwa masomo. Kwa kawaida huanza na usingizi, kisha masomo. Ndiyo maana mzazi hushangaa kuona mtoto mwenye bidii, asiyelewa wala kuzurura, anafeli moduli mbili kwa mpigo.

Mpe kazi ya saa 20, na atabaki na saa 29 na nusu. Huyo ana nafasi ya kurekebisha mambo yakiharibika.

Wenzetu wameweka mpaka

Mpaka wa saa 20 au karibu na hapo unajulikana sana nje ya kanda yetu. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa kigeni wa shahada kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani huweka saa 20 hizo hizo, tena ndani ya chuo. Australia tangu Julai 2023 imeweka saa 48 kwa wiki mbili, na Kanada mwishoni mwa mwaka 2024 ilipandisha kutoka saa 20 hadi 24. Kila nchi ina sababu zake, zikiwemo za kulinda ajira za wenyeji. Lakini zote zimeweka kiwango karibu na nusu ya kazi ya kutwa, kwa hesabu kwamba aliyekuja kusoma asome.

Kijana anayesoma nyumbani hana viza ya kumwekea mpaka. Mpaka huo anauweka yeye, mzazi wake na mwajiri wake. Usipowekwa siku ya kwanza, kazi hupanuka yenyewe: leo amebaki nusu saa kufunga hesabu, kesho amefungua duka kwa sababu tajiri amesafiri, na baada ya mwezi mmoja mhadhiri halijui jina lake.

Si kila kazi ina uzito mmoja

Kabla ya kuangalia malipo, mwanafunzi aangalie umbo la kazi. Kazi mbili zinaweza kulipa sawa na kuchukua saa sawa, moja ikamjenga na nyingine ikamwangusha.

Kufundisha watoto wa shule majumbani ni miongoni mwa kazi nyepesi kubeba. Saa zinajulikana, na mwalimu naye anakumbuka hesabu na Kiingereza chake. Ugumu ni kwamba watoto hutafuta mwalimu jioni, saa zile zile za darasa la chuo. Inamfaa anayesoma mchana.

Kibanda cha kutuma pesa kwa simu kina dakika nyingi za kusubiri mteja, na wapo wanaosoma hapo hapo. Lakini mwenye kibanda anashika fedha za watu, na kosa moja la tarakimu linaweza kula kamisheni ya siku nyingi. Kichwa kilichojaa mtihani si kichwa cha kuhesabu noti.

Kazi za mikutano na arusi, kupokea wageni na kuwaonyesha viti, zimeongezeka tangu Kituo cha Mikutano cha Kigali kilipofunguliwa mwaka 2016 na uwanja wa ndani unaoitwa leo BK Arena mwaka 2019. Hizi huja kwa siku chache na kuondoka, hivyo mwanafunzi anaweza kukataa wiki ya mtihani bila kupoteza ajira. Ubaya wake ni kwamba hazina uhakika, na kodi ya chumba haisubiri mkutano.

Kazi ya kukusanya takwimu vijijini kwa ajili ya tafiti ndiyo inayowavuta wengi, kwa sababu malipo ya siku ni mazuri. Lakini inamtoa mtu Kigali kwa wiki mbili au tatu. Katika vyuo kadhaa moduli hufundishwa moja baada ya nyingine ndani ya wiki chache, kisha mtihani. Aliyekosa wiki mbili za moduli kama hiyo amekosa sehemu kubwa ya somo. Kazi hiyo ni ya likizo.

Baa na mikahawa ya usiku inahitaji tahadhari zaidi. Tangu Septemba 2023 shughuli za usiku huruhusiwa hadi saa saba usiku siku za kazi na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Mhudumu hatoki na mteja wa mwisho. Anabaki kuosha na kuhesabu. Akifika nyumbani saa tisa usiku, kipindi cha saa mbili asubuhi kimeshapotea hata kama mwili wake umekaa darasani.

Mshahara wa mtoto usiufanye ada

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea, tena kwa nia njema. Mtoto akipata kazi, mzazi hupumua na kusema: sasa ajilipie.

Tuchukue mfano. Kijana anapata faranga 70,000 kwa mwezi kwa kazi ya nusu siku. Mchango wake wa chumba anachoishi na mwenzake ni 30,000, chakula 25,000, usafiri 15,000. Zimekwisha, na ada haijaguswa. Ili apate ada lazima aongeze saa, na tumeshaona saa zinatoka wapi.

Hata mikopo ya serikali inayosimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, hutenganisha ada na fedha za kujikimu. Posho ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita buruse, ilikuwa faranga 25,000 kwa mwezi kwa miaka mingi, ikapanda hadi 35,000, kisha 40,000. Hata anayeipata anajua haimalizi mwezi Kigali, na wengi wa vyuo binafsi hawaipati kabisa. Kwa hiyo kazi ya muda ina mahali pake: kuziba pengo la chakula, nauli na intaneti.

Ada ni mtaji. Mfanyabiashara anayekula mtaji anajua mwisho wake. Chuo kikidai salio karibu na mtihani, mwanafunzi huacha kusoma akatafute faranga wakati ule ule anaopaswa kusoma kuliko wakati wote. Akifeli, atarudia moduli, na kwa kawaida atailipia tena. Faranga alizookoa mzazi kwa kumwambia ajilipie zimelipwa mara mbili.

Njia inayofuata mwendo wa biashara ni kukata ada kwa safari. Tuseme ada ni faranga 600,000 kwa mwaka, na mzazi anavuka mpaka mara tatu kwa mwezi kwa miezi 10. Hizo ni safari 30, yaani faranga 20,000 kila safari, zinazotengwa kabla ya kuagiza mzigo mwingine. Anayeogopa kwamba zitamponyoka mfukoni aziweke kwenye kikimina chake au kwenye SACCO ya eneo lake, kwa jina la ada.

Wewe uliyemwajiri

Mfanyabiashara anayemwajiri mwanafunzi hafanyi sadaka. Anapata mtu anayejua kutumia kompyuta na mashine ya risiti ya EBM, anayeweza kumsomea barua ya forodha ya Kiingereza, kumjibu mteja wa Bukavu kwa Kifaransa na kuongea Kiswahili na dereva wa Mwanza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na kijana anayekijua ana thamani kubwa kwa mtu anayeuza ng'ambo ya mpaka. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kukuwekea vitabu vizuri kwa saa 12 za wiki kuliko karani asiyesomea anayekaa siku nzima.

Ili faida hiyo ipatikane, mambo matatu yanahitajika.

La kwanza ni mkataba. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inakubali mkataba usioandikwa, lakini usizidi siku 90 mfululizo. Kijana akikaa nawe zaidi ya hapo, andikianeni. Karatasi moja inatosha: saa za kazi, malipo, siku ya malipo, na nani anashika zamu asipokuwepo. Na usisahau michango ya RSSB. Kusoma kwake hakumwondolei haki za mfanyakazi.

La pili ni ratiba ya mitihani. Mwombe mwanzoni mwa muhula, si siku moja kabla. Unajua miezi mizigo yako inapokuwa mingi. Naye anajua wiki za mitihani yake. Zikigongana, mnajua mapema.

La tatu ni kuajiri wawili badala ya mmoja. Duka linalohitaji mtu kutoka asubuhi hadi usiku linaweza kushikwa na mwanafunzi wa jioni anayefanya kazi asubuhi na mwanafunzi wa mchana anayepokea zamu alasiri. Mshahara unagawanyika, mmoja akiwa na mtihani mwenzake anasogea, na wewe huachwi bila mtu siku ya mzigo.

Na wewe unayesoma mwenyewe

Mfanyabiashara aliyerudi shule ana shida ambayo karani wa ofisini hana: hakai mahali pamoja. Basi la Kampala huchukua karibu siku nzima kwenda tu. Rubavu ni safari ya saa tatu hadi nne, na foleni ya Petite Barrière haina ahadi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua chuo kwa jina au ada, uliza masomo yanafundishwa siku zipi.

Kama Jumamosi ndiyo siku yako kubwa ya soko, vyuo vya Waadiventista kama AUCA na UNILAK havifundishi siku ya Sabato, na hilo linaweza kukufaa. Kama mizigo yako huingia katikati ya wiki, ratiba ya mwisho wa wiki itakufaa zaidi kuliko ya jioni. Uliza pia kama chuo kinakuruhusu kuchukua moduli chache kwa mwaka. Shahada ya krediti 480 humalizwa kwa miaka minne ukichukua 120 kila mwaka. Ukichukua 80, ni miaka sita. Miaka sita inaonekana mirefu, lakini ni mifupi kuliko miaka minne iliyokatika katikati ya wa pili.

Panga safari kwa kufuata moduli. Nenda kuchukua bidhaa kati ya mtihani wa moduli moja na mwanzo wa nyingine, na ukilazimika kusafiri wakati mwingine, mwachie mwenzako wa kikundi kazi ya kukurekodia na wewe mrudishie kwa namna nyingine. Soko lina utaratibu wa kusaidiana wa aina hiyo, na darasa la jioni nalo linao.

Neno moja kwa wazazi wa Goma, Bukavu, Bujumbura, Mbarara au Ngara wanaowaleta watoto Kigali. Vyuo vya nchi za Jumuiya vinafanya kazi chini ya eneo la pamoja la elimu ya juu lililotangazwa na wakuu wa nchi mwaka 2017, na kuhama kwa mwanafunzi kumekuwa rahisi kuliko zamani. Lakini kibali cha kusoma na ruhusa ya kufanya kazi ni vitu viwili. Kijana aulize Idara ya Uhamiaji kabla hajashika kazi, akiwa na barua ya chuo mkononi.

Karatasi mbili

Muhula ujao kabla hujatuma ada, mwombe mtoto karatasi mbili: ratiba ya chuo, na saa za kazi anayofanya. Ziweke pamoja mezani, ujumlishe. Kama jumla inapita saa 60 kwa wiki, masomo 40 na kazi 20, kaeni mzungumze mapema kipi kipungue: kazi, au idadi ya moduli za mwaka huo. Huenda ukagundua kwamba kinachohitajika ni wewe kuongeza faranga 15,000 za nauli kwa mwezi ili aache zamu ya usiku. Ni fedha, lakini ni chini ya gharama ya mwaka mmoja wa kurudia.